Johann Sebastian Bach: Mvulana Aliyepoteza Sauti Akabaki na Uimbaji

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia moja wametajwa watumishi wengi waliolilea kundi la Mungu katika usharika wetu. Wametajwa wachungaji, wainjilisti, wazee wa usharika na walimu wa Shule ya Jumapili. Lakini historia ya usharika wa Kilutheri haikamiliki kama uimbaji hautatajwa, kwa maana katika Kanisa letu Neno huhubiriwa na pia huimbwa.

Injili iliingia katika pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa pamoja na nyimbo. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika kwa Wanyakyusa mwaka 1891, mwaka uleule ambao Wamoravian walianza kazi Rungwe. Ikombe, kwa Wakisi, chini ya Milima ya Livingstone, ilikuwa miongoni mwa vituo vyao vya miaka ile ya mwanzo. Watu waliowakuta hapa hawakuwa mabubu. Walikuwa na nyimbo zao za msiba, za kazi na za ngoma. Wageni wakaongeza juu ya hizo nyimbo za korali walizozirithi tangu siku za Martin Luther, na hadi leo tunaziimba kwa sauti nne.

Kati ya watu waliozipanga nyimbo hizo katika sauti nne, hakuna ajulikanaye duniani kuliko Johann Sebastian Bach. Yeye hakuvuka bahari, wala hakupata kulisikia jina la Ziwa Nyasa. Hata hivyo tumeona vema maisha yake yasimuliwe hapa, kwa ajili ya washarika na wageni wetu wa dayosisi, kwa sababu ya jambo moja lililompata alipokuwa na umri wa miaka 15. Ni jambo limpatalo kila mvulana: sauti yake nyororo ya kitoto ilivunjika. Kwake yeye lilikuwa jambo zito kuliko kwa wengine, kwa kuwa sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimpatia chakula.

Yatima wa Eisenach

Johann Sebastian Bach alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 katika mji mdogo wa Eisenach, katikati ya Ujerumani. Mji huo una heshima ya pekee kwa Walutheri wote. Luther alipokuwa kijana alisoma huko, akapita mitaani akiimba mbele ya milango ya watu ili apewe mkate. Juu ya mlima ulio karibu na mji iko ngome ya Wartburg, ambamo Luther alifichwa na kuanza kulitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1521. Bach aliingia shule ileile ya Kilatini ambayo Luther aliisoma karibu miaka 200 kabla yake.

Ukoo wa Bach ulikuwa ukoo wa wanamuziki, kama vile kwetu zilivyo koo za wavuvi na za wafinyanzi. Baba yake, Johann Ambrosius, alikuwa mpigaji wa fidla na wa tarumbeta, aliyeajiriwa na mji. Mtoto alikua akisikia muziki asubuhi na jioni, na mapema akawekwa katika kwaya ya kanisa na ya shule, maana alijaliwa sauti nzuri ya juu, yaani soprano.

Furaha hiyo haikudumu. Mama yake alifariki mwezi Mei 1694. Miezi tisa baadaye, mwezi Februari 1695, baba yake naye akafariki. Sebastian alikuwa bado hajatimiza miaka 10. Alichukuliwa na kaka yake mkubwa, Johann Christoph, mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Ohrdruf. Huko alilelewa kwa miaka mitano, akafundishwa kinanda, akaendelea kuimba katika kwaya ya shule na kupata sehemu ya fedha ambazo waimbaji walipewa. Lakini nyumba ya kaka ilikuwa ndogo na watoto wake mwenyewe walizidi kuongezeka. Mwezi Machi 1700, nafasi ya bure ya kulishwa aliyokuwa nayo ilipokwisha, kijana huyu alilazimika kutafuta mahali pengine pa kuishi.

Sauti iliyolipa ada

Msaada ulitoka mbali. Katika mji wa Lüneburg, zaidi ya kilomita 300 kuelekea kaskazini, kulikuwa na shule ya Mtakatifu Mikaeli iliyokuwa na kwaya ndogo ya ibada za asubuhi. Kanuni ya kwaya hiyo ilikuwa kwamba waimbaji wawe wana wa watu maskini, wasio na njia nyingine ya kujikimu, ila wawe na sauti nzuri. Aliyekubaliwa alipata elimu, chakula, malazi na fedha kidogo. Sebastian alisafiri kwenda huko pamoja na rafiki yake wa shule, Georg Erdmann. Alifika karibu na siku aliyotimiza miaka 15, na mwezi Aprili 1700 jina lake lilikwisha kuandikwa katika orodha ya waimbaji.

Hapa inafaa msomaji atulie na kuitazama hali yenyewe. Kijana huyu hakuwa na baba wala mama. Nyumba ya kaka yake ilikuwa imejaa. Mji aliofika haukuwa na ndugu wa kumpokea. Mali yake yote ilikuwa kooni. Kila Jumapili alipofungua kinywa na kuimba sauti ya kwanza, alikuwa akilipa ada ya shule, kodi ya chumba na bei ya mkate. Na mali hiyo ilikuwa ya namna ambayo hakuna mwanadamu awezaye kuifungia sandukuni.

Siku nane za sauti mbili

Baada ya Bach kufariki, mwanawe Carl Philipp Emanuel, pamoja na mwanafunzi wake Johann Friedrich Agricola, waliandika habari za maisha yake, zikachapishwa mwaka 1754. Humo tunasoma jambo la ajabu. Muda fulani baada ya kufika Lüneburg, siku moja alipokuwa akiimba katika kwaya, ghafla alisikia kwamba pamoja na sauti za juu alizokuwa akiziimba ilitoka sauti nyingine, oktava nzima chini yake, bila yeye kutaka wala kujua imetoka wapi. Kwa siku nane hakuweza kusema wala kuimba ila kwa sauti hizo mbili kwa pamoja. Kisha soprano ikatoweka, na haikurudi tena.

Wapo wanaoweza kudhani kwamba habari hii imetiwa chumvi na watu wa familia. Lakini matabibu wa koo wanalijua jambo la namna hii: nyuzi mbili za sauti zisipotikisika kwa mwendo mmoja, koo moja huweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Wazazi wengi nao wanaujua mwenendo wa kijana wa umri huo, ambaye huanza sentensi kwa sauti ya baba yake akaimaliza kwa sauti ya dada yake, huku wenzake wakimcheka.

Mambo yanayotendeka kooni

Sauti ya mtu hutoka katika zoloto, yaani kile kisanduku cha gegedu kilichoko juu ya njia ya hewa, mbele ya shingo. Ndani yake mna nyuzi mbili, ambazo kwa kweli ni mikunjo ya misuli iliyofunikwa kwa ngozi laini. Pumzi ipandapo kutoka mapafuni huzitikisa nyuzi hizo, na mtikisiko huo ndio sauti. Aliyekuwa wa kwanza kujulikana sana kwa kuzitazama nyuzi za mtu aliye hai zikifanya kazi alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García, ambaye mwaka 1854 alitumia vioo vidogo akaziona nyuzi za koo lake mwenyewe.

Hadi kufikia umri wa kubalehe, koo la mvulana na koo la msichana hazitofautiani sana. Kisha mwili wa mvulana huanza kutoa kwa wingi homoni iitwayo testosteroni. Homoni hiyo hulikuza zoloto kwa haraka. Gegedu lake hutokeza mbele ya shingo, na nyuzi za sauti hurefuka na kuwa nene. Kila apigaye zeze au gitaa anajua kwamba uzi mfupi na mwembamba hulia juu, na uzi mrefu na mnene hulia chini. Ndivyo ilivyo kwa koo. Nyuzi za mtoto asemapo hutikisika kiasi cha mara 250 au zaidi kwa sekunde moja. Za mwanamume mtu mzima hutikisika kiasi cha mara 120. Kwa hiyo sauti ya mvulana hushuka karibu oktava nzima. Koo la msichana nalo hukua, lakini kwa kiasi kidogo, na sauti yake hushuka hatua chache tu.

Mabadiliko haya hayaji kwa siku moja. Huanza taratibu, huku noti za juu zikipungua nguvu na sauti ikianza kukwaruza. Baadaye sauti huruka na kukatika bila taarifa. Mwishoni hutulia mahali pake papya, teno au besi. Safari hiyo huchukua miezi mingi, na kwa wengine mwaka mmoja au miwili. Sababu ya kukatika ni kwamba koo limekua upesi kuliko ustadi wa mwenye koo. Misuli iliyozoea kuongoza nyuzi fupi sasa inaongoza nyuzi ndefu, kama mtoto aliyezoea mtumbwi mdogo akapewa mkubwa: atayumba kwanza, kisha atauzoea. Huo si ugonjwa, wala si adhabu, wala si dalili kwamba kipawa kimekwisha.

Umri wa jambo hili hutofautiana. Siku hizi wavulana wengi hulipitia kati ya miaka 12 na 15. Zamani lilichelewa. Mtafiti mmoja aliyechapisha kazi yake mwaka 1970 alichunguza kumbukumbu za wanafunzi waliomwimbia Bach huko Leipzig kati ya 1727 na 1749. Alionyesha kwamba sauti za wengi zilibadilika karibu na umri wa miaka 16 au 17, na kwamba katika miaka ya vita iliyoanza 1740 zilichelewa zaidi, wakati chakula kilipokuwa haba. Mwili usioshiba hauna haraka ya kukomaa. Kwa kipimo hicho Bach mwenyewe aliwahi, na pigo likampata kabla hajawa tayari.

Njia alizofunguliwa

Katika karne ile Ulaya ilikuwa na njia zaidi ya moja za kumtendea mvulana aliyeelekea kupoteza soprano. Njia mbaya kupita zote ilikuwa ile ya kuwahasi watoto wenye sauti nzuri, hasa huko Italia, ili sauti isishuke kamwe. Ukatili uliowapa utajiri wachache na kuwaharibia maisha wengi. Njia ya pili ilikuwa kumtoa kijana nje. Ndivyo alivyotendewa Joseph Haydn, aliyekuwa mwimbaji wa kanisa kuu la Mtakatifu Stefano huko Vienna. Sauti yake ilipovunjika aliondolewa katika kwaya, karibu mwaka 1749, akajikuta mitaani bila fedha wala makazi. Mungu alimwinua baadaye akawa mtunzi mkubwa, lakini si kwa sababu ya waliomtoa.

Kwa Bach mambo yalikwenda vingine. Soprano ilikwisha, lakini yeye hakufukuzwa. Aliendelea kukaa Lüneburg na kusoma hadi karibu na Pasaka ya mwaka 1702. Kijana aliyejua fidla na kinanda, na aliyesoma noti bila shida, bado alikuwa na manufaa katika ibada. Akaitumia nafasi hiyo kwa bidii. Katika mji uleule alikuwako Georg Böhm, mpiga kinanda hodari wa kanisa la Mtakatifu Yohane, na Bach alijifunza mengi kwake. Zaidi ya mara moja alikwenda Hamburg, safari ya kilomita 50 hivi, ili amsikie mzee Johann Adam Reincken akipiga kinanda. Kwa hiyo miaka ileile ambayo koo lake lilikuwa limemwangusha, vidole vyake vilikuwa vikijifunza.

Matunda yalionekana upesi. Mwezi Agosti 1703, akiwa na umri wa miaka 18, aliajiriwa kuwa mpiga kinanda wa kanisa jipya la mji wa Arnstadt. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu alipoiingia Lüneburg akiwa mvulana wa soprano.

Tusidhani kwamba kijana huyu alikuwa malaika. Huko Arnstadt alipewa kuongoza wanafunzi waimbaji, baadhi yao wakiwa wakubwa kuliko yeye, naye hakuwa na subira. Mwaka 1705 alimtukana mmoja wao kwa upigaji wake, na usiku mmoja wakakabiliana njiani hata Bach akachomoa silaha. Wakuu wa kanisa walimkanya, wakamwambia ajifunze kuishi na watu wasio wakamilifu. Mwaka huohuo aliomba likizo ya wiki nne aende Lübeck kumsikia Dieterich Buxtehude, akasafiri karibu kilomita 400, akarudi baada ya miezi karibu minne. Kumlea kijana aliye na kipawa hakukuwa kazi nyepesi wakati ule, kama isivyo nyepesi leo.

Mwalimu wa wavulana

Baada ya Arnstadt alifanya kazi Mühlhausen, kisha Weimar, kisha Köthen. Mwaka 1707 alimwoa Maria Barbara, aliyefariki mwaka 1720. Mwezi Desemba 1721 alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji stadi wa soprano katika jumba la mtawala wa Köthen. Kwa wake hao wawili alipata watoto 20, na 10 tu kati yao ndio waliokua kuwa watu wazima. Kwa hiyo mtu huyu aliyazika makaburini zaidi ya mara moja mambo ambayo nyimbo zake zinayasema.

Mwezi Mei 1723 alihamia Leipzig kuwa kantori wa shule ya Mtakatifu Thomas, na huko alikaa hadi mwisho wa maisha yake, miaka 27. Sasa gurudumu lilikuwa limezunguka. Yatima aliyelishwa kwa sababu ya sauti yake akawa mlezi wa wavulana waliolishwa kwa sababu ya sauti zao. Shule ilikuwa na wanafunzi wa bweni 50 na zaidi, na ilibidi itoe waimbaji kwa makanisa manne ya mji kila Jumapili. Wanawake hawakuruhusiwa kuimba katika kwaya za makanisa yale, hata Anna Magdalena mwenye sauti iliyojulikana. Soprano na alto ziliimbwa na wavulana. Teno na besi na wanafunzi wakubwa ambao sauti zao zilikwisha kukomaa.

Ni rahisi kuona taabu iliyokuwamo. Kila mwaka kantori alifundisha wavulana hadi wakaweza kuimba yaliyo magumu, na kila mwaka baadhi ya sauti bora zilivunjika mikononi mwake. Mwezi Agosti 1730 Bach aliwaandikia wakuu wa mji maelezo marefu juu ya hali ya muziki wa kanisa. Alisema kwamba kila kwaya inayoimba muziki wa sauti nyingi ingepaswa kuwa na waimbaji 12 kwa uchache, na ingekuwa vema zaidi 16, ili mmoja akiugua kazi isisimame. Kisha akawagawa wanafunzi wake 54 katika mafungu matatu: 17 walikuwa tayari kutumika, 20 walikuwa bado wanahitaji kufundishwa, na 17 hawakufaa kwa muziki.

Orodha hiyo inasomeka kama malalamiko, na kweli ilikuwa malalamiko, kwa maana wakuu wa mji walikuwa wakiwapokea shuleni vijana wasio na kipawa na kupunguza fedha za wapigaji. Lakini lile fungu la kati linatufundisha jambo. Wale 20 hakuwaweka pamoja na wasiofaa. Aliwahesabu kuwa ni watu wa kesho. Kila mama wa Kikisi afinyangaye udongo anaelewa: chungu ambacho hakijachomwa hakitekewi maji, lakini hakuna akivunjaye kwa sababu hiyo.

Miezi miwili baadaye, mwezi Oktoba 1730, Bach alimwandikia barua mtu mmoja aliyekuwa na cheo huko Danzig, akimweleza taabu zake za Leipzig na kumwomba amtafutie kazi mahali pengine. Mtu huyo alikuwa Georg Erdmann, yule mwenzake waliyesafiri pamoja kwenda Lüneburg miaka 30 iliyopita wakiwa wavulana waimbaji. Kazi nyingine haikupatikana, naye akabaki. Urafiki wa kwaya ulikuwa umedumu kuliko sauti zenyewe.

Pamoja na waimbaji hao wachache, wengine wakiwa na koo zilizokuwa zikibadilika, Bach aliimbisha kazi ambazo dunia bado inazistaajabia. Muziki wa mateso ya Bwana kwa Injili ya Yohane uliimbwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya mwaka 1724, na ule wa Injili ya Mathayo mwaka 1727. Kantata zake za kanisa zilizobaki hadi leo ni karibu 200. Mwishoni mwa kazi nyingi aliandika herufi tatu za Kilatini zenye maana kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake.

Mwisho wa mwendo wake

Katika miaka ya mwisho macho yake yalififia. Mwaka 1750 alipasuliwa mara mbili na tabibu wa macho wa Kiingereza, John Taylor, lakini hakupona, na mwili wake ukadhoofika. Alifariki tarehe 28 Julai 1750, akiwa na umri wa miaka 65. Anna Magdalena aliishi miaka 10 zaidi, akafa maskini akitegemea sadaka. Kaburi la Bach halikuwekewa alama. Muziki wake mwingi ulikaa kimya hadi mwaka 1829, wakati kijana Felix Mendelssohn alipouimbisha tena huko Berlin ule muziki wa mateso kwa Injili ya Mathayo, na watu wakajua ni hazina gani iliyokuwa imesahauliwa. Mwaka 1950 mabaki yake yalihamishiwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako yapo hadi sasa.

Somo kwa usharika unaoanza karne nyingine

Umri wa sauti kuvunjika ni umri uleule wa mafundisho ya Kipaimara. Kijana anasimama mbele ya usharika kuikiri imani yake kwa kinywa chake mwenyewe, na pengine siku ileile kinywa hicho hakimtii. Wazee wetu wa bonde hili walikuwa na hekima juu ya umri huo. Kwa Wanyakyusa, wavulana wa miaka 10 hivi walitoka katika nyumba za baba zao wakaanza kujenga kijiji chao cha rika, huku wakiendelea kwenda kwa kundi kula katika nyumba za mama zao. Hawakuwa watoto tena, wala hawakuwa watu wazima bado; lakini walikuwa na mahali pao, na walikuwa na wenzao, na chungu cha mama kilikuwa kinawangoja.

Swali kwa kila usharika ni kama kijana wa namna hiyo ana mahali kanisani. Amekuwa mkubwa mno kwa kwaya ya watoto, na bado hajafaa kwa besi ya kwaya ya usharika. Asipoitwa na mtu, atakaa nyuma. Kisha atakaa nje. Kisha ataonekana ufukweni Jumapili asubuhi. Wengi wanaoondoka kwa njia hii hawakumkana Mungu. Waliona tu kwamba sauti yao haihitajiki.

Maisha ya Bach yanatuonyesha yale yanayowezekana. Kwanza, walimu wa kwaya wamwambie kijana mapema kwamba mabadiliko yatakuja, ili asishtuke na kuona haya. Pili, wasimlazimishe kupanda noti za juu zilizokwisha kumkimbia, wala kujikakamua kushuka kwenye besi kabla ya wakati. Zamani walimu wengi walimwamuru kijana anyamaze kabisa. Siku hizi wengi huona ni vema aendelee kuimba kwa upole katika zile noti chache za katikati zilizo nyepesi kwake, anywe maji ya kutosha na asipige kelele. Sauti ikikwaruza muda mrefu huku ana maumivu, apelekwe kwa daktari. Tatu, na hili ni kubwa, apewe kazi nyingine katika uimbaji wakati koo linapokomaa: tarumbeta, kinanda, ngoma, kusoma noti, kuwafundisha walio wadogo. Tarumbeta inahitaji mapafu na midomo, wala haiulizi kama sauti imevunjika.

Wala kijana asichekwe. Kicheko cha watu wazima kanisani kimefukuza waimbaji wengi kuliko maradhi ya koo.

Shule ya Lüneburg haikujua kwamba inamlisha mtunzi ambaye dunia ingemtaja kwa karne tatu. Ilichojua ni kwamba kuna kijana maskini, yatima, ambaye sauti yake imekwisha, na kwamba bado ana vidole, masikio na bidii. Ilimwacha akae. Katika miaka mia inayokuja, wapo watakaohesabu majengo tutakayoongeza na mabati tutakayoezeka. Inafaa wahesabu pia wavulana waliobaki.

Mungu aubariki uimbaji wa usharika huu, na awape walimu wa kwaya zetu subira ya kungoja sauti zikomae.